Khedive Ismail: Meli Iliyozama na Wapiga Mizinga wa Afrika Mashariki

Mchana wa Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail ilizama karibu na visiwa vya Maldivi kwa muda wa dakika mbili hivi. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo, 1,297 walikufa. Walio wengi walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, ambao wiki moja hivi kabla ya hapo walipandia Kilindini, Mombasa. Kwa idadi hiyo ya vifo, inasikitisha kwamba jina la meli hii halijulikani sana miongoni mwetu, ilhali waliopotea nayo ni babu na baba zetu.

Meli hiyo haikujengwa kwa ajili ya vita. Iliundwa Greenock, Uskoti, mwaka 1922, ikachukua abiria wa kampuni moja ya Chile kwa jina la Aconcagua, ambalo ni jina la mlima mrefu kuliko yote Amerika. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliikosesha biashara; mwaka 1935 ikanunuliwa na kampuni ya Misri na kupewa jina la Khedive Ismail, mtawala ambaye katika enzi yake Mfereji wa Suez ulifunguliwa. Mwaka 1940 Waingereza waliitwaa ili isafirishe askari.

Meli za abiria zilipendwa kwa kazi hiyo kwa sababu zilikuwa na mwendo, na tayari zilikuwa na vyumba vya kulala, majiko makubwa na kumbi za kulia. Lakini wasaa huohuo uliomfurahisha msafiri wa amani uligeuka hatari wakati wa vita. Maji yakishaingia kwa kishindo katika nafasi pana zilizo chini ya sitaha, hakuna cha kuyazuia, na mamia ya watu hulazimika kugombea ngazi chache zilezile kupanda juu.

Safari ya mwisho ilikuwa ya kutoka Kilindini kwenda Colombo, katika msafara ulioitwa KR 8. Meli tano za askari zilisindikizwa na manowari kubwa Hawkins pamoja na manowari mbili ndogo zenye kasi, Paladin na Petard. Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo watu 996 wa Kikosi cha 301, wanamaji wa Uingereza, wauguzi na wanawake wengine wa majeshi. Wapiga mizinga walikuwa wakiwafuata wenzao wa Afrika Mashariki waliokwisha kufika Ceylon (Sri Lanka ya leo, ulipo mji wa Colombo), kabla ya vita vya Burma (Myanmar ya leo).

Siku ile baadhi ya abiria walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani I-27, chini ya kamanda Toshiaki Fukumura, ilikuwa imejipenyeza karibu na msafara, ikafyatua topido, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji, na mbili zikaipata Khedive Ismail. Meli ililala ubavu na kwenda chini kabla mashua za kuokolea hazijateremshwa kwa utaratibu wowote. Aliyekuwa chini ya sitaha hakuwa na njia. Waliobaki juu ya maji walishika maboya, mbao na chochote kilichoelea.

Kilichofuata ni sehemu nzito kuliko zote katika kisa hiki. Nyambizi ilijificha chini ya maji palepale walipokuwa manusura, na meli nyingine za askari bado zilikuwa hatarini. Manowari ziliamua kudondosha mabomu yanayolipukia chini ya maji, wakati watu walikuwa wakiogelea hapohapo wakingoja kuokolewa, na baadhi yao waliuawa na milipuko hiyo. Ni vigumu kumhukumu aliyetoa amri ile, na ni vigumu zaidi kuisahau. I-27 hatimaye ililazimika kuibuka. Paladin ikaharibika ilipojaribu kuigonga, nayo Petard, baada ya mizinga yake kushindwa kutoboa gamba la nyambizi, ikafyatua topido moja baada ya nyingine hadi ya saba ndiyo ikaizamisha.

Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake 6 tu. Wanawake 77 walikufa, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote iliyowahi kuwapata wanawake wa majeshi ya Jumuiya ya Madola katika tukio moja.

Askari waliozama hawana makaburi. Wapiga mizinga wetu wanakumbukwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ulio ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong. Familia ambayo mzee wao aliondoka na jeshi asirudi inaweza kutafuta jina lake katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayopatikana bila malipo kwenye intaneti. Tunashauri jina litafutwe kwa tahajia zaidi ya moja, hasa zenye kubadilishana herufi l na r, kwa kuwa makarani wa jeshi waliandika majina jinsi walivyoyasikia. Na tarehe ya kifo ikisomeka 12 Februari 1944 kwa mtu wa Kikosi cha 301, basi yaelekea sana kwamba alikuwa ndani ya Khedive Ismail.