Moshi wa Waya na Kava za Runinga

Maswali haya niliulizwa na mama mmoja anayeuza mboga Kibuye, Kisumu.

Mwanangu huchoma waya na kava za runinga mbovu ili apate kopa ya kuuza kwa watu wa skrepa. Moshi ule una madhara?

Una madhara makubwa, mama, na nakusihi umzuie leo. Plastiki ya vyombo vya umeme si kama ya jagi. Kwa kuwa ndani ya vyombo hivyo mna joto, viwanda huichanganya na dawa ya kuzuia moto, na nyingi za zamani zilikuwa za kemikali iitwayo bromini. Gusisha kiberiti kwenye kava: litayeyuka, litadondosha matone meusi, na ukiondoa kiberiti litazima. Bromini ndiyo imeukatiza moto. Lakini likirundikwa juu ya tairi linalowaka, litaungua tu, na hapo hutoka sumu za jamii ya dayoksini. Baadhi husababisha saratani, tena hukaa mwilini miaka mingi. Ganda la waya, ambalo mara nyingi ni plastiki iitwayo PVC, hutoa gesi ya asidi inayochoma koo na mapafu. Kuku wakidonoa kwenye yale majivu, sumu huingia hadi kwenye mayai mnayokula.

Na runinga iliyo sebuleni?

Usiitupe. Ila dawa zile nyingi zimechanganywa tu, hazikushikana na plastiki, kwa hiyo hutoka kidogo kidogo na kuingia kwenye vumbi. Mtoto anayetambaa hushika vumbi kisha analamba vidole. Zile za kundi la PBDE, ambazo ni aina mojawapo ya dawa za bromini, zinaweza kuvuruga homoni za tezi ya shingo, ambazo ubongo wake unazihitaji ukue. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, na umnawishe mikono kabla hajala.

Si zilipigwa marufuku?

Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kuzuia kemikali za sumu zinazodumu, ambao Kenya ni mwanachama, uliziwekea marufuku aina kadhaa za PBDE mwaka 2009, na nyingine mwaka 2017. Vyombo vya kabla ya hapo bado tunavyo majumbani.

Basi kopa ataipataje?

Waya nene achune ganda kwa kisu, amevaa glavu. Nyembamba aziuze na ganda lake, hata kama bei itashuka. Kava aziweke pembeni, azipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Na wewe usiwashie jiko vipande vyake.