London Knights: namna ya kusoma rekodi ya timu ya vijana

London hii ni ya Ontario, Kanada. Timu yake ya vijana ya hoki ya barafu ilianzishwa mwaka 1965 kwa jina la London Nationals, na tangu 1968 inaitwa London Knights. Ukiangalia misimu yake miwili utadhani ni klabu tofauti kabisa: 1995–96 ilishinda mechi 3, ikafungwa 60 na kutoka sare 3; msimu wa 2004–05 ilishinda 59, ikafungwa 7 tu, na ilicheza mechi 31 za kwanza bila kupoteza. Katikati hapo, mwaka 2000, ndugu wawili waliowahi kucheza NHL (ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini), Dale na Mark Hunter, waliinunua pamoja na wenzao, na 2002 ikahamia uwanja mpya wa watazamaji wapatao 9,000.

Wachezaji wa ligi yao, OHL (ligi ya vijana ya Ontario), wana miaka 16 hadi 20, na wa miaka 20 hawaruhusiwi kuzidi watatu. Kwa hiyo bingwa wa leo kesho kutwa anabaki na watoto wageni, na timu nyingi hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Knights hawashuki sana. Pamoja na kuchagua vizuri vijana wadogo, wananufaika na kanuni moja: kijana wa chini ya miaka 20 aliyeteuliwa na klabu ya NHL, asipopata nafasi huko, anarudi timu yake ya vijana. Easton Cowan aliteuliwa na Toronto Maple Leafs 2023, akairudia London kwa misimu miwili zaidi.

Sasa msimu wa 2024–25, unaoandikwa 55-11-2-0. Wengi hujumlisha tu na kusema wamefungwa mara 13, kana kwamba kufungwa kote ni sawa. Sivyo. Ushindi wowote (namba ya kwanza) ni pointi 2. Kufungwa ndani ya dakika 60 (ya pili) ni sifuri. Kufungwa kwenye muda wa nyongeza (namba ya tatu) au kwa penalti (ya nne) ni pointi 1. Hesabu: 55 mara 2, ongeza 2, unapata 112. Kwenye mtoano penalti hazipo. Vinachezwa vipindi vya dakika 20 mpaka mmoja afunge.

Fainali ya OHL wamecheza mara tatu mfululizo. Mwaka 2023 walifungwa na Peterborough. 2024 na 2025 waliishinda Oshawa. Kombe kubwa la mabingwa wa ligi tatu za vijana za Kanada, OHL ikiwamo, pamoja na timu mwenyeji, yaani Memorial Cup, ndilo lililowauma 2024: walikuwa nyuma 3-0 dhidi ya wenyeji Saginaw, wakasawazisha, kisha wakapigwa la nne zikiwa zimebaki sekunde 22. Mwaka uliofuata, mjini Rimouski, waliichapa Medicine Hat 4-1, na Cowan akawa mchezaji bora wa mashindano. Ni kombe lao la tatu, baada ya 2005 na 2016.

Ila mfumo wenyewe umeguswa. Tangu Agosti 2025 vyuo vikuu vya Marekani vinaruhusiwa kupokea kwenye timu zao za hoki vijana waliocheza ligi hizi, na nyota wa Medicine Hat, Gavin McKenna, alikwenda Penn State mwaka huohuo. Kijana wa miaka 18 au 19, yule ambaye London imezoea kurudishiwa, sasa ana mlango wa pili.