Kwa nini mtumishi anaikwepa tathmini ya utendaji

Hadi mwaka 2004, mtumishi wa umma Tanzania alipimwa kwa taarifa ya siri. Mkuu wake aliandika, faili likaenda, na mwenyewe kwa kawaida hakuona kilichomo. Julai mwaka huo ukaingia Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, MWAMTUKA, ingawa maofisini wote tuliuita OPRAS. Malengo yakubaliwe Julai, yapitiwe Desemba, alama zitolewe Juni. Sisi wa rasilimaliwatu tulidhani uwazi huo ungepokewa kwa shangwe.

Wapi! Wengi walijaza fomu pale walipokaribia kupandishwa daraja, tena kwa mkupuo: malengo, mapitio na alama, kalamu ileile, mchana mmoja. Wasimamizi nao waliwapa wote alama nzuri ili ofisi ikae kwa amani.

Wapo wanaosema huo ni uvivu. Sikubaliani nao. Chukulia afisa ugani aliyekubali Julai kutembelea vijiji kumi, kisha pikipiki ikakosa mafuta tangu Septemba. Au mwalimu anayepimwa kwa ufaulu wa darasa lililofurika, ambalo nusu yake wanakuja shule bila kula. Watu hawa wakiandikiwa alama 4 (kwenye OPRAS 1 ndiyo ya juu, 5 ya chini kabisa) wanaona wameadhibiwa kwa kosa la mwingine. Na mchapakazi akishaona mzembe wa meza ya pili amepata alama kama yake, fomu ya mwaka unaofuata ataijaza ilimradi.

Siku hizi tathmini hufanyika kwa mtandao kupitia PEPMIS, iliyochukua nafasi ya OPRAS. Mtumishi anaingiza majukumu yake, anaonyesha utekelezaji kadiri kazi inavyokwenda, na msimamizi anaidhinisha. Ule mtindo wa mchana mmoja umekuwa mgumu. Lakini mfumo hauwezi kujua kwamba mafuta hayakuja. Kwa hiyo usingoje Juni ujitetee: kikwazo kikitokea, mwandikie msimamizi wiki hiyohiyo na uombe lengo lirekebishwe.

Wewe msimamizi, kabla ya kuidhinisha vijiji kumi, kagua kwanza kama fungu la mafuta lipo. Kama halipo, idhinisha vile vitatu anavyoweza kuvifikia kwa miguu.