Ukipanda lori la wazi, tumia masikio pia

Watu wengi wakishapanda tu lori letu la kutembeza wageni kwenye mbuga ya kufuga wanyama, kitu cha kwanza wanachotoa ni simu, na mimi picha sizikatazi hata kidogo, ila kazi yangu ni kusimama mgongo kwenye kabini nikiwaangalia wageni na wanyama kwa wakati mmoja, siku nenda siku rudi, na nimeshaona mara nyingi sana watu wawili waliokaa benchi moja wanashuka, mmoja anakwambia ameona twiga, pundamilia na kifaru, basi, na mwenzake bado amekaa kimya anajaribu kuelewa alichokutana nacho. Nikifuatilia naona yule wa pili alikuwa anasikiliza. Hiyo ndo imenifanya niandike hii, maana maswali ninayoulizwa kabla ya ziara karibu yote ni ya macho: tutaona nini, tutakaribia kiasi gani, upande gani mzuri. La masikio haulizi mtu.

Lori la wazi lenyewe sio kitu cha ajabu. Ni lori, bodi yake ya nyuma imewekewa mabenchi, pembeni kuna mabomba ya kushikilia, juu turubai la kuzuia jua, hakuna kioo. Hakuna kioo, na ndo ishu nzima. Kuna mbuga za kufuga wanyama ambazo unaingia na gari lako mwenyewe umefunga madirisha, ya Longleat kule Uingereza ilianza hivyo 1966 na ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo nje ya Afrika, na kule kati kulikuwa na simba kwa hiyo kioo lazima. Ziara ya lori la wazi inapita kwenye uwanda wa wanyama wanaokula majani, wanyama wakali wana sehemu yao na uzio wao. Sasa ukitoa kioo unapata mlio na harufu, ila usisahau kwamba na wao wanapata mlio wako na harufu yako. Uwazi huo ni wa pande mbili. Kila sheria ninayotangaza pale mwanzoni, kaeni, msitoe mikono, msipige kelele, msitupe kitu, imetoka hapo, na ninatamani sana watu wazielewe badala ya kuzivumilia tu.

Mnyama wa mle ndani hajakuzoea wewe. Amezoea lori. Amezoea umbo lake, ngurumo ya ile injini, mwendo wake, harufu ya dizeli, njia linayopita, na kwamba halijawahi kumfanyia kitu. Kulikuwa na mtaalamu mmoja Mswisi, Heini Hediger, aliwahi kuongoza bustani ya wanyama ya Zurich, yeye alieleza vizuri sana kwamba kila mnyama ana umbali wake, ukiuvuka anakimbia, na umbali huo unabadilika kutegemea nani anakuja na mnyama amezoea nini. Lori letu linaweza kufika mita kumi kutoka kwa pofu, yule swala mkubwa mwenye pembe za kujisokota, na asiinue hata kichwa. Mtu akishuka kwa miguu, pofu huyo huyo anaanza kuondoka akiwa bado mbali kabisa. Ndani ya lori, ukiwa umekaa, wewe ni sehemu ya lori. Ukisimama juu ya benchi kichwa kikatokeza nje ya turubai na mikono hewani, umbo limevunjika, na hapo panakuwa na binadamu.

Niliwahi kuwa na bwana mmoja, mtu mstaarabu tu, alisimama kwenye benchi apate picha nzuri ya kundi la pofu lenye ndama wanne. Haikuchukua hata sekunde mbili. Jike la mbele likarusha kichwa juu, likakoroma mara moja, kundi lote likapiga kona na kuondoka, na pofu kwa uzito wake wote ule anaruka hasa, anaweza kumpita mwenzake kwa juu, kwa hiyo tukaona migongo na vumbi. Ndama mmoja akabaki nyuma akizunguka anatafuta mama. Tukazima injini tukakaa kimya mpaka jike lilipomrudia, na yule bwana muda wote alikuwa ameshika kichwa, alijisikia vibaya, lakini hakuna aliyekuwa amemweleza kwa nini, aliambiwa tu usisimame. Tangu siku hiyo naeleza kwa nini.

Na kwa kuwa tumefika kwa pofu, huyu ndo mnyama anayenifanya nimwombe dereva azime injini hata kama wageni wanataka kusonga mbele. Dume la pofu linaweza kufika kilo 900, na likitembea miguu yake ya mbele inatoa mlio, tik, tik, tik, kavu kama mtu anagonga vijiti viwili. Sio mfupa unaovunjika wala mnyama hajaumia, watu huwa wanaogopa. Inaaminika ni kano ya goti inayoteleza juu ya mfupa na kurudi, na watafiti waliochunguza jambo hilo, kazi yao ilitoka 2008, walikuta dume likiwa kubwa mlio unakuwa mzito zaidi, yaani ni kama linatangaza ukubwa wake linapotembea ili madume mengine yajipime kabla ya kupigana. Mlio huo unasikika mbali sana. Injini ikiwa inanguruma husikii chochote, unaona ng'ombe mkubwa mwenye pembe za kujisokota anapita. Injini ikizimwa, na mkitulia kama maji mtungini, mnaanza kumsikia kabla hajatokea kwenye miti, na nimeona watoto wadogo kabisa wanafumba mdomo kwa mikono yao wenyewe wasiharibu.

Kifaru ni habari nyingine. Naongelea kifaru mweupe, ambaye si mweupe, ni wa kijivu kama mwenzake mweusi, utamjua kwa mdomo mpana wa kukata nyasi, mweusi mdomo wake umechongoka wa kukamata matawi. Kuna alama nyingine napenda kuionyesha: kifaru mweupe akiwa na ndama, ndama anatangulia mbele mama nyuma, kifaru mweusi mama anatangulia ndama anafuata. Macho yao ni dhaifu, pua na masikio ndo kila kitu, kwa hiyo msimwangalie pembe, mwangalieni masikio. Kila sikio linazunguka peke yake. Sikio moja likiwa kwetu na lingine nyuma, anatufahamu na anaendelea na shughuli zake. Masikio yote mawili yakitugeukia na kichwa kikapanda, ameacha kula, anatupima. Mkia ukijikunja juu hapo mimi nagonga paa la kabini mara mbili na dereva anajua maana yake, tunarudi nyuma polepole bila kuongeza mwendo. Jike lina kama kilo 1,700 na linaweza kukimbia kilomita 40 kwa saa, hakuna sababu ya kulijaribu.

Siku moja jike na ndama wake walilala katikati ya njia. Tulizima injini tukasubiri kama robo saa, na dakika tano za mwanzo zilikuwa ngumu, watu wanajigeuza kwenye benchi, mtu anauliza si tungezunguka pale. Halafu tukasikia sauti nyembamba kama filimbi ya mtoto, watu wakaanza kutafuta ndege juu ya miti. Alikuwa ndama. Mnyama wa kilo mia na kitu analia kwa kasauti kadogo vile, na mama akamjibu kwa kupumua kwa nguvu, hah, hah, hah, mpaka unaona vumbi linaruka mbele ya pua yake. Hakuna aliyeuliza tena habari ya kuzunguka.

Twiga ndo wageni wengi wanamsubiri kwa sababu mara nyingi ndo anayelishwa matawi kutoka kwenye lori. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Shika tawi kwa mwisho, linyooshe, acha aje, na usimguse kichwa hata kama kimefika mapajani kwako na macho yale yanakuangalia kwa upole. Twiga hapendi kuguswa kichwa, na kile kichwa ni silaha, madume hupigana kwa kuzungusha shingo na kupigana vichwa, ndo maana dume juu ya vile vipembe hana nywele, zimekwisha. Akishtuka tu akageuza kichwa bila nia mbaya, anaweza kukuvunja pua. Ulimi wake utauona karibu, wa zambarau unaokwenda kuwa mweusi, sentimita 45 hivi, mate yake mazito yanavutika kama gundi, na unazunguka tawi kama mkono, unavuta, majani yote yanatoka, kijiti kinabaki mkononi kwako.

Lakini kitu kikubwa kwa twiga kwangu mimi sio kulisha. Ni pale anapokuwa ameshiba amesimama tu, wageni wanasema huyu hafanyi kitu twende. Hapana, subiri. Angalia shingo, chini karibu na kifua. Twiga anacheua kama ng'ombe, na tonge linapopanda kutoka tumboni unaliona kabisa kwa nje, uvimbe mdogo kama chungwa unapaa kwenye ile shingo yote, unafika, taya linaanza kusaga upande upande, anamaliza, anameza, uvimbe unashuka njia ile ile, anatulia kidogo, lingine linapanda. Shingo ndefu vile na mifupa yake ni saba tu, sawa na yako. Saa za mchana joto limekaza, watu husema wamekosa wanyama kwa sababu wote wamelala kivulini, kumbe hizo ndo saa za kucheua, na lori likiwa kivulini nao unaweza kukaa pale muda mrefu usichoke.

Kuhusu mambo ya vitendo nitapita haraka. Benchi za katikati hazitikisiki sana kama za nyuma, kwa sababu ziko kati ya tairi za mbele na za nyuma, mwenye matatizo ya mgongo au mjamzito akae hapo, na aulize kwanza kama ziara inamfaa maana kuna mashimo. Kofia ifungwe kidevuni. Simu iwe na kamba. Kitu kikianguka hatushuki, naita kwa redio, wahudumu wa wanyama watakuja kukichukua, na kama ni plastiki semeni haraka sana, mnyama akimeza kitu cha hivyo kinaweza kumziba tumbo. Wa kamera: msiegemeze lensi kwenye bomba wakati injini inawaka, mtetemo wote unaingia kwenye picha, shikeni kwa mikono viwiko vikibana mbavu, na lori likiwa linatembea kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi. Marashi makali acheni siku hiyo.

Kuna kituo kimoja ambacho huwa nazungumza sana kuliko vyote, kwa choroa, naye ni jamii ya swala. Nikionyesha yule wa Uarabuni, mweupe, pembe ndefu zimenyooka, nawaambia kwamba 1972 huyu aliisha porini, wa mwisho aliwindwa Oman, na waliobaki duniani walikuwa kwenye mazizi na bustani za wanyama, baadhi yao walipelekwa Phoenix kule Marekani tangu 1963 wakaanza kuzalishwa. 1982 wakarudishwa jangwani Oman. Haikuwa rahisi, majangili wakarudi tena miaka ya tisini, lakini sehemu nyingine za Uarabuni wakaachiwa wengine, na 2011 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikawashusha kutoka kundi la walio hatarini kutoweka mpaka kundi la walio katika mazingira magumu, yaani hatari imepungua. Choroa mwenye pembe zilizopinda kama jambia naye alitangazwa kuisha porini 2000, na tangu 2016 wameanza kurudishwa Chad. Kwa hiyo ukiwa kwenye lori ukaona kundi la choroa limelala linatafuna, na unafikiri ni mapambo tu, mababu wa ndama zinazozaliwa leo jangwani waliishi hivi hivi, nyuma ya uzio, wakipitwa na magari ya wageni. Mimi hapo sauti huwa inanibadilika na sioni haya.

Nimesema benchi za nyuma zinatikisika, na ni kweli, vumbi pia lote ni lenu. Ila mkinipa nafasi ya kukaa kama mgeni nitakaa huko huko mwisho. Lori likiondoka wote huwa wanageukia mbele kutafuta mnyama anayefuata, na yule tuliyemwacha, ambaye muda wote alikuwa ametega sikio moja kwetu, analirudisha. Siku ile ya njia kuzibwa, jike liliposimama na kutupisha na dereva akawasha, tulikuwa tumefika kama mita hamsini hivi nikiwa nimegeuka nyuma pamoja na binti mmoja wa miaka kama tisa aliyekaa benchi la mwisho. Mama kifaru akashusha kichwa, akapeleka mguu mmoja wa nyuma pembeni, na ndama akajiingiza kwa chini akaanza kunyonya. Yule binti akanishika mkono bila kusema kitu, tukaangalia mpaka kona ikawaficha.