Kwa Nini Mama Huchagua Kunyonyesha

Ukimuuliza mama kwa nini ameamua kunyonyesha, jibu la kwanza huwa lile la kwenye mabango: maziwa ya mama ni bora. Kaa naye kidogo, utasikia mengine. Mmoja hana nguvu za kuamka saa nane za usiku kuchemsha maji na kuosha chupa. Mwingine mtoto wa kwanza alikunywa maziwa ya kopo, na safari hii anataka kupunguza gharama. Wapo wanaosema tu kwamba wanapenda kutulia na mtoto kifuani. Sisi tunaohudumia waliojifungua tunaziheshimu sababu zote hizi, maana juma la kwanza, chuchu zikiuma na usingizi haupo, kinachomshikilia mama ni sababu yake mwenyewe, si ya mtaalamu.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo mama akiyajua mapema huongeza sababu zake. Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ni mazito, mara nyingi ya njano, na hutoka kidogo sana. Hayajaharibika. Yamejaa kingamwili, na tumbo la mtoto mchanga ni dogo kiasi kwamba vijiko vichache vinamtosha kwa mara moja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, anyonye bila kupewa kitu kingine hadi atimize miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Maji je? Takribani asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo hata wakati wa joto mtoto huyo hahitaji kikombe cha pembeni.

Mama naye ananufaika. Mtoto anaponyonya, mwili hutoa homoni ya oksitosini, ambayo husukuma maziwa na pia hukaza mji wa mimba, hivyo damu hupungua. Aliyezaa zaidi ya mara moja huyahisi haya waziwazi: tumbo linamnyonga kila mtoto anapovuta. Yanaudhi, lakini ni dalili njema, na hupita baada ya siku chache. Kunyonyesha hupunguza pia uwezekano wa kupata saratani ya matiti na ya ovari, pamoja na kisukari cha aina ya pili.

Sasa tuje kwenye kinachowaachisha wengi: "maziwa hayatoshi." Kwa uzoefu wetu, mara nyingi yanatosha. Mtoto analia, anataka titi tena baada ya muda mfupi, matiti yamelegea. Mama anahitimisha kwamba yamekauka na kuongeza chupa. Hapo ndipo tatizo la kweli huanza, kwa sababu titi hutengeneza kulingana na yanayotolewa. Mtoto aliyeshibishwa na chupa huvuta kidogo, na kesho yake yanatoka kidogo zaidi.

Badala ya kupima kwa kilio, angalia mkojo na uzito. Baada ya siku ya tano, mtoto anayeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mweupe, na kwa kawaida hurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili. Kisha tazama anavyoshika titi. Mdomo uwe wazi sana, mdomo wa chini umegeukia nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iwe kinywani. Akishika chuchu peke yake, mama ataumia na maziwa hayatatoka vizuri. Mtoe kwa kupitisha kidole safi pembeni mwa mdomo wake, umshikishe upya. Utasikia anameza.

Mama anayeishi na VVU asiache wala kuchanganya vyakula kwa ushauri wa jirani. Akitumia ARV bila kukosa, hatari ya kumwambukiza mtoto hushuka sana, na kliniki yake itampangia utaratibu unaofaa. Na yupo mama ambaye kwa sababu za kiafya, au zake binafsi, hatanyonyesha. Huyo anastahili kufundishwa kuandaa maziwa mbadala kwa usafi, si kusutwa.

Anayerudi kazini anaweza kukamua kwa mkono au kwa pampu. Maziwa hayo hukaa saa 4 nje ya friji, mahali pasipozidi nyuzijoto 25, na hadi siku 4 ndani ya friji. Yakipoa mafuta huelea juu. Yazungushe taratibu tu kabla ya kumpa mtoto. Mama akipata homa, au sehemu ya titi ikawa ngumu, yenye joto na maumivu, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kwa kawaida ataambiwa aendelee kumnyonyesha mtoto hata kwenye titi hilo, kwa kuwa kuliacha limejaa huzidisha uvimbe.