Je, wajua kwa nini Nissan GT-R iliuzwa karibu nusu ya bei ya Porsche na bado ikaikimbiza?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa vijana wanaoosha motokari huku mtaa wa Golf, Lubumbashi, ikaingia Nissan GT-R nyeupe ya 2017, usukani kuume kama motokari nyingi zetu zinazopanda toka Dar es Salaam na kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Unajua watu wa huku na motokari, dakika tano hazikuisha tulikuwa watu kumi na tano tumeizunguka, wengine washaanza kupiga picha. Kijana mmoja mwenye ndoo mkononi akaniuliza: "Yaya, hii si Nissan tu, sawa na zile za taksi? Sasa mutu akiwa na franga zote hizo si anunue Porsche, kwa nini anunue Nissan?"

Nilimujibu kwa kifupi kwa sababu mwenye gari alikuwa na haraka, ila hilo swali ni zuri kuliko linavyosikika, na linastahili kukaa nalo.

Tuanze na bei yenyewe. GT-R hii, ile inaitwa R35, ilionyeshwa Tokyo Oktoba 2007, ikaanza kuuzwa Japani Desemba mwaka ule ule kwa yeni milioni 7.77, na ilipofika Marekani 2008 bei yake ilikuwa dola 69,850. Porsche 911 Turbo ya wakati ule, njo ile wajapani walikuwa wanaiwinda, ilianzia karibu dola 123,000 kabla hujaongeza kitu chochote juu. Sasa angalia nguvu: GT-R farasi 480, 911 Turbo farasi 480. Sawasawa kabisa. Tena Porsche ilikuwa nyepesi, kilo 1,585 hivi, GT-R kilo 1,740. Kwa karatasi Mjerumani alikuwa anapaswa kushinda.

Lakini Aprili 2008 Nissan wakatangaza kwamba GT-R imezunguka uwanja wa Nürburgring huko Ujerumani, kilometa 20.8 za kona, milima na mabonde, kwa dakika 7 na sekunde 29. Porsche hawakuamini. Hawakuamini mpaka wakaenda kununua GT-R yao wenyewe Marekani, wakaipeleka pale pale, dereva wao akapata dakika 7 na sekunde 54, wakasema hadharani kwamba hesabu ya Nissan haiingii akilini. Nissan nao wakashikilia yao. Mimi sitaingia kwenye huo ugomvi, ila najua kitu kimoja, kampuni haiendi kununua motokari ya mwenzake na kuipimisha hivyo kama haijashituka.

Basi kwa nini ilikuwa bei chini hivyo?

Kwanza, haikujengewa kiwanda chake peke yake. Ilitoka kiwanda cha Tochigi, kwenye laini moja na motokari za kawaida za Nissan za familia, kwa hiyo gharama za majengo, mashini na mishahara zinagawanywa juu ya magari mengi na si juu ya GT-R peke yake. Pili, Porsche wanauza kwa namna ingine kabisa, wanakupa motokari halafu wanakupa orodha: viti hivi bei yake, rangi hii bei yake, freni za seramiki peke yake zilikuwa zaidi ya dola 8,000 kwenye 911 Turbo ya wakati ule. GT-R ilikuja karibu kamili, unachagua rangi na vitu viwili vitatu, basi, na kutengeneza kitu kile kile kila siku ni rahisi kuliko kutengeneza kila moja tofauti. Tatu, faida ya jina. Nissan alikuwa anatafuta sifa, anataka dunia ijue kwamba mtengenezaji wa magari ya kawaida anaweza, kwa hiyo hakuhitaji GT-R imuletee faida kubwa kwa kila moja. Porsche yeye 911 inapaswa kumuletea faida.

Ukikaa ndani unaona pale waliposhikia makuta. Plastiki nyingi, redio kama ya Nissan yoyote, na bwate ya vitesi, yaani giaboksi, inapiga kelele kidogo ukienda polepole, kama kuna mutu anatikisa misumari ndani ya kopo. Wengi wanaitukana kwa hilo. Mimi siitukani, kwa sababu najua makuta yale yalienda wapi.

Yalienda chini ya kapo. Mwenye gari alitufungulia, na pale mbele ya motere kuna kibao kidogo cha chuma kimeandikwa jina la mutu. Jina la mutu mmoja, fundi mmoja! Kijana wa ndoo alilisoma herufi moja moja kwa sauti. Kila motere ya GT-R ilifungwa kwa mkono na fundi mmoja toka mwanzo mpaka mwisho, pale kiwanda cha Yokohama, ndani ya chumba kisafi kisichoingia vumbi, na mafundi hao wanaitwa takumi na walikuwa wachache sana, unawahesabu kwa vidole. Ni motere ya V6, yaani silinda sita, lita 3.8, turbo mbili. Motere iko mbele lakini bwate iko nyuma, kati ya pine za nyuma, ili uzito usilale wote mbele, kwa hiyo kuna mti mmoja wa chuma unapeleka nguvu nyuma kwenye bwate halafu mwingine unairudisha mbele kwa pine za mbele. Ni kazi nyingi na ni uzito mwingi, ila njo maana ukikanyaga pine zote nne zinashika barabara, na kompyuta inaamua ipeleke nguvu wapi mbele hujajua kwamba pine inataka kuteleza. Bwana Kazutoshi Mizuno, aliyeongoza kazi ya kuitengeneza, alitetea ule uzito siku zote, kwake uzito ulikuwa unasaidia pine kushika.

Kwa hiyo mwaka 2008 jibu lilikuwa wazi: ndiyo, ilistahili bei yake, tena na chenji inabaki.

Ila bei haikukaa pale. Ile ya 2017, kama hii ya Golf, ilikuwa na farasi 565 na Marekani ilianzia dola 109,990. Ile ya 2024 ilianzia karibu dola 121,000. Japani za mwisho zilipita yeni milioni 14, karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Na chini ni gari ile ile, wameisafisha, wameiongezea nguvu, wamebadilisha ndani, lakini bwate ni ile ya vitesi sita na mifupa ni ya 2007. Wakati huo wapinzani hawakulala. Chevrolet walitoa Corvette mpya ya 2020, motere wakaiweka katikati nyuma ya dereva kama Ferrari, bei ikaanzia chini ya dola 60,000. Halafu 2023 wakaleta Corvette Z06 yenye farasi 670 kwa dola 106,000 na kidogo. Porsche naye akapanda juu kabisa, 911 Turbo S ya 2021 dola 203,500 na farasi 640. Sasa unaona GT-R ilipofika: mwanzo ilikuwa inamfanyia Porsche vile Corvette alikuja kuifanyia yenyewe mwishoni. Kama mutu wa Detroit au Tokyo angeniuliza wakati ule, kwa GT-R mpya ya 2024 ningemwambia hapana, chukua Corvette.

Lakini mimi siko Detroit, niko Lubumbashi, na hapa njo pale jibu linageuka, hii sehemu naipenda sana kwa sababu watu hawaifikirii.

Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, mgandamizo wake ni pungufu kama asilimia 13 kuliko pale Dar es Salaam kwenye maji. Motere inaishi kwa hewa, inachanganya hewa na esansi inachoma, hewa ikipungua moto unapungua. Corvette Z06 haina turbo, inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe. Kwa hiyo zile farasi 670 ukizileta huku zinabaki kama 580 hivi, hazijaharibika, ni hewa tu haitoshi. GT-R iko na turbo mbili, na turbo kazi yake ni kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya motere mpaka ifike kipimo kilichowekwa, hewa ikiwa nyepesi turbo inazunguka haraka zaidi tu, inajaza ile pengo. Inapoteza kidogo, kwa sababu hewa iliyosukumwa sana inapata joto, lakini kidogo. Basi tofauti ya farasi 105 kule chini kwenye bahari inakuwa huku kama 20. Panda Goma au Bukavu, karibu mita 1,500, zinalingana kabisa. 911 Turbo nayo inafaidika vile vile, ni turbo. Ukinunua nguvu za farasi, uliza kwanza utazitumia kimo gani, kwa sababu bei iliyoandikwa ni ya farasi wa pwani.

Na za umeme? Hizo hazivuti hewa hata. Tesla Model S Plaid ina farasi 1,020 na kimo hakiigusi kitu. Xiaomi wa China alitoa SU7 Ultra 2025, farasi zaidi ya 1,500, yuani 529,900, gari la milango minne, na ikazunguka Nürburgring kwa dakika 7 na sekunde 4. Kasi imekuwa rahisi kununua namna hiyo. Na kobalti inayoingia kwenye betri nyingi za motokari za namna hii inatoka zaidi huku kwetu, upande wa Kolwezi, kamyo zinapita mbele ya macho yetu kila siku. Mi naona tunapaswa kuongea hayo mambo kama watu wenye nyumba.

Ila kasi ni sehemu ya bei. Sehemu ingine inakuja kisha kununua, na huku kwetu njo kubwa. GT-R inataka esansi ya oktani ya juu, ukiipa ya chini motere inaanza kugonga na kompyuta inapunguza nguvu ili isijiharibu, maana yake umelipia farasi wanaolala. Tumbo lake liko sentimita 11 tu toka chini, kwa hiyo kila dodane, yale matuta ya barabarani, unaipanda kwa mshazari, pine moja moja, nyuma yako foleni inapiga honi. Bwate inataka mafuta yake ya pekee, si yale ya kwenye dumu, na zile za kwanza kabisa watu waliziua kwa kuondoka na ile programu ya mwendo wa mashindano, gia zikavunjika, mpaka Nissan akaibadilisha programu 2009. Hapa Porsche iko mbele kidogo, ilitengenezwa ikijua utaipiga siku nzima uwanjani na jioni utaenda nayo kula, na ukitaka kuiuza mnunuzi anaelewa jina. Lakini piyesi zake nazo huku utangojea vile vile.

Halafu pine. GT-R ina pine za inchi 20, za nyuma upana wa milimita 285, za namna inayoweza kuendelea kutembea hata upepo ukiisha, kwa hiyo ndani ya gari hakuna pine ya akiba kabisa. Hakuna hata sehemu ya kuiweka. Ukipasua vibaya kwenye barabara ya Likasi, kati ya kamyo za shaba, mufundi wa pine wa kando ya njia hana ya kukupa.

Kijana wa ndoo alikuwa amepiga magoti anasugua rimu, nikamwonyesha zile tarakimu nne zinazochapishwa ubavuni mwa kila pine, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Akapangusa povu, akasoma: 3816. Wiki ya 38, mwaka 2016. Tukazunguka zote nne, zote vile vile. Gari ilikuwa bado inatembelea pine ilizotoka nazo kiwandani, mpira wake umekuwa mgumu kama kwato, na mwenyewe akasema kwa upole tu kwamba ametafuta miezi minane hajapata seti nzima, seti moja aliyoahidiwa ilikuja ya kipimo kingine.

GT-R ya mwisho ilitoka Tochigi Agosti 2025, kisha kutengenezwa kama 48,000 kwa miaka 18, kwa hiyo leo atakayeitaka atanunua iliyotumika. Kijana akaniuliza sasa ukiwa na franga unainunua ao haununui. Nikamwambia nainunua, ya 2012 kwenda juu, nikishaikagua bwate, na pine mbili za nyuma naziagiza wiki moja na gari, ndani ya kontena lile lile.