Samaki Anayelea Akisusa Chakula, Usimtie Dawa

Tangu joto la kaskazi lianze, ofisi yetu ya uvuvi hapa Malindi imekuwa ikipokea malalamiko ya aina moja. Wenye matangi ya samaki wa mapambo, majumbani na hotelini, wanadai kuuziwa samaki wagonjwa kwa sababu hawali, na wapo wanaotaka muuzaji achukuliwe hatua. Tukiuliza maswali mawili matatu, mara nyingi tunakuta samaki mwenyewe analea.

Chukua wale wa jamii ya perege wanaotoka Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wa buluu na manjano, wanaopendwa sana. Jike akishataga huyaokota mayai yake na kuyabeba kinywani kwa wiki tatu hivi, kutegemea joto la maji. Msogelee umtazame: chini ya taya pametuna, midomo haifungiki vizuri, na kila baada ya muda taya inacheza kana kwamba anatafuna. Hatafuni. Anayageuza mayai yapate hewa. Chakula kitapita mbele ya macho yake na atakiacha kizame. Atakonda, na hilo ni la kawaida. Jike wa Tropheus moorii, wa Tanganyika, huweza kuonekana akidonoa kidogo, lakini anachodonoa huliwa na watoto waliomo kinywani.

Sasa mtu anamwona hivyo, anachukua wavu, anamkimbiza tangi zima. Samaki akitishika hutema mayai au huyameza. Kisha tunaambiwa amekula watoto wake!

Lililo baya zaidi ni dawa. Tumeeleza mara nyingi, na tunaeleza tena: vidonge vya binadamu havitiwi tangini. Viuavijasumu, yaani antibiotiki, huua pia bakteria wanaoishi kwenye kichujio, ambao kazi yao ni kuigeuza amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, isiwadhuru samaki. Bakteria wakifa, amonia hupanda, na samaki aliyekuwa mzima hufa.

Si kila mlezi hufunga kula. Yule wa rangi ya chungwa mwenye mstari mweupe mgongoni, anayekaa ndani ya anemoni (mnyama wa baharini mwenye minyiri mingi kama ua) kwenye matumbawe yetu, hula, ila haendi mbali. Ulinzi wa mayai ni kazi ya dume hasa: huyapepea kwa mapezi, huyapitia kwa mdomo, na yaliyokufa huyaondoa kwa kuyala, kwani yakibaki yataota ukungu na kuyaharibu mengine. Huo ni usafi. Ni kweli pia kwamba dume mwenye njaa au anayesumbuliwa huweza kuyala hata mayai mazima, kwa hiyo mpelekee chakula kidogo pale alipo na uondoe mabaki. Usigongegonge kioo. Stima ikikatika, tafuta pampu ya betri, kwa sababu maji ya moto hubeba hewa kidogo na kupepea peke yake hakutoshi. Na wazazi wa diskasi, samaki wa Amazon, msiwatenge na watoto: watoto hao hula utando unaotoka kwenye ngozi ya wazazi wao.

Watoto wakifa, baadhi ya wenye matangi huamua kwenda mwambani kutafuta samaki wengine. Hapo mnaingia kwenye sheria. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, huruhusiwi kuchukua samaki, tumbawe wala kome, hata mmoja, hata kama umelipa kiingilio. Hilo linasimamiwa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Nje ya hifadhi, kuvua samaki hai wa kuuza kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Leseni ina muda wake. Ikiisha, omba nyingine kabla ya kuingia majini. Leseni ya jirani si yako. Anayekamatwa huweza kunyang'anywa samaki na vifaa, kisha hufikishwa mahakamani, ambako adhabu ni faini, kifungo, au vyote viwili. Wala usiwamwage samaki wa kigeni Mto Sabaki kwa huruma. Hilo nalo ni kosa.

Mkiondoa dume mlezi kwenye anemoni, mayai yake huliwa na samaki wengine muda si mrefu. Mkimwondoa yule mkubwa, ambaye ni jike, dume wake hubadilika kuwa jike, na uzazi husimama hadi mdogo anayefuata akomae kuwa dume.

Ukiwa bado una malalamiko, njoo na picha ya samaki iliyopigwa kwa ubavu ili taya ionekane, kipimo cha joto la maji, tarehe aliyoacha kula, na risiti ya ununuzi. Samaki mwenyewe mwache tangini.